Kubandika Dikali Bila Mikunjo kwenye Fimbo ya Kuvulia

Fimbo ya kuvulia iliyotengenezwa kwa mkono huwa na maandishi mahali pamoja: mbele kidogo ya mpini, kabla ya pete ya kwanza ya kupitishia mshipi. Hapo huwekwa jina la fundi au la mwenye fimbo, urefu wake, na uzito wa mshipi inaoumudu. Siku hizi maandishi hayo huchapwa kwenye utando mwembamba uitwao dikali, utando ukabandikwa kwenye fimbo, kisha ukafunikwa kwa epoksi inayong'aa. Kazi ikienda vizuri, utando wenyewe hauonekani hata kidogo. Zinabaki herufi peke yake. Ikienda vibaya, panaonekana kijikaratasi chenye mikunjo na vidoa vya rangi ya fedha, na fimbo iliyochukua majuma kutengenezwa huonekana ya mchezo.

Mazungumzo ya leo yanaifuata kazi hiyo kwa utaratibu wake: aina za dikali, uchapaji, maandalizi ya fimbo, ubandikaji, na mwisho epoksi ya juu. Neno moja lishikwe tangu sasa, maana litarudiwa mara kadhaa: ulaini wa dikali hupatikana kabla dikali haijagusa fimbo. Mikono ya ustadi inasaidia, lakini haiwezi kuokoa dikali iliyowekwa juu ya uso mbaya.

Kwanza, maandishi haya yalitoka wapi? Ufundi wa kujitengenezea fimbo umeshamiri sana Marekani, na zamani fimbo za kule zilikuwa za mwanzi uliopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi. Mafundi wengi waliandika majina yao kwa wino juu ya mwanzi wenyewe, wakapaka vanishi juu yake. Mwanzi ni rangi ya asali, na wino mweusi huonekana vizuri. Miaka ya 1940 zikaja fimbo za faibaglasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Fenwick ikaleta fimbo za nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyeusi na inateleza. Wino wa kalamu ukakosa pa kushika na pa kuonekana. Ndipo wenye mwandiko wa kawaida, yaani karibu watu wote, walipopata sababu ya kuipenda dikali.

Sasa, aina zake. Ipo stika ya kawaida ya plastiki, ambayo hubanduliwa na kubandikwa basi. Ni rahisi, lakini ni nene. Epoksi ikipakwa juu yake, ukingo wa stika huonekana kama ngazi, na mara nyingi pembe zake huinuka kabla epoksi haijashika. Ipo ya kusugua, ambayo herufi huhama kutoka kwenye karatasi kwa kusuguliwa na kitu butu. Hiyo haina utando wowote pembeni mwa herufi, ila huvunjika kwa urahisi, na ikikaa vibaya haisogezwi tena. Ya tatu ni dikali ya maji, na hiyo ndiyo inayostahili muda wa kipindi hiki. Ni nyembamba mno, inasogezwa ikiwa bado imelowa, na mtu anaweza kuichapa mwenyewe nyumbani.

Ili kuielewa dikali ya maji, lazima kujua tabaka zake. Chini kabisa ni karatasi. Juu ya karatasi ni gundi inayoyeyuka kwa maji. Juu ya gundi ni utando angavu, na juu ya utando ni wino. Dikali inapochovywa, maji hupenya karatasi kwa nyuma na kuilainisha gundi. Utando ukawa huru, ukateleza kutoka kwenye karatasi na kuhamia kwenye fimbo. Gundi iliyobaki chini ya utando ndiyo inayoushika hapo. Katika maelezo hayo mafupi limo kosa la kwanza la wanaoanza: huiacha dikali ikielea ndani ya bakuli mpaka ijitenge yenyewe. Muda wote huo gundi inayeyuka na kwenda na maji, na utando unafika kwenye fimbo hauna cha kuushika.

Tuje kwenye uchapaji. Printa za nyumbani ni za aina mbili, za wino wa maji na za leza. Tona ya printa ya leza haiyeyuki kwa maji. Wino wa ile aina ya kwanza huyeyuka, kwa hiyo karatasi ikishachapwa na kukauka hupuliziwa vanishi angavu ya kopo, tabaka mbili au tatu nyepesi, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Tabaka moja nzito haifai: hukaza utando na kuufanya mgumu kukunjika, na fimbo ni kitu cha mviringo.

Lipo pia jambo ambalo huwashangaza wengi: printa ya kawaida haichapi rangi nyeupe. Panapohitajika nyeupe, huacha karatasi ilivyo. Sasa herufi za njano zilizochapwa kwenye utando angavu zikiwekwa juu ya fimbo nyeusi, zinatoweka, kwa sababu wino huo ni mwangavu na weusi ulio chini yake huonekana kupitia humo. Njia moja ni kutumia karatasi ya dikali yenye utando mweupe na kuchapa rangi ya fimbo kuzunguka herufi, ingawa kuupata weusi ule ule si kazi ndogo. Njia nyingine ni kuweka chini ya herufi ukanda wa rangi nyepesi, wa uzi au wa rangi ya kupaka. Printa za zamani za kampuni ya Alps ziliweza kuchapa nyeupe na hata rangi za metali, na watengenezaji wa dikali waliozihifadhi wanazienzi mpaka leo. Asiye nayo achague fimbo ya rangi nyepesi, au apeleke kazi kwa mchapaji mwenye wino mweupe.

Na ukubwa je? Hapa hesabu kidogo tu. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 12 ina mzunguko wa karibu milimita 38. Jicho likitazama kutoka upande mmoja haliwezi kuona zaidi ya nusu ya mzunguko huo, na sehemu inayosomeka vizuri ni theluthi, kama milimita 12. Maandishi yakizidi hapo, msomaji analazimika kuizungusha fimbo ili amalize neno. Herufi za milimita sita au saba zinatosha. Dikali ndefu na nyembamba inapendeza kuliko fupi na pana, na ni nyepesi zaidi kubandika.

Watu wengi hudhani mikunjo huletwa na mviringo wa fimbo. Sivyo, na inafaa kulikazia hili. Karatasi bapa huweza kuzungushiwa bomba, au kitu kinachochongoka kama fimbo, bila kupata hata mkunjo mmoja. Kinachotokea kwenye fimbo inayopungua unene ni kwamba dikali pana huanza kupinda njia. Mstari ulionyooka kwenye karatasi unakwenda upande. Dikali nyembamba haina tatizo hilo. Mahali pabaya kweli ni pale dikali inapovuka kutoka kwenye ufito, yaani mwili mtupu wa fimbo, hadi juu ya nyuzi zilizofungwa kushikilia pete, maana hapo pana ngazi, na ngazi ndiyo inayokunja utando. Dikali na ikae mahali pamoja, ama yote juu ya ufito, ama yote juu ya nyuzi zilizokwisha kusawazishwa kwa epoksi.

Kama mviringo hauna hatia, basi mikunjo na vile vidoa vya rangi ya fedha hutoka wapi? Hutoka kwenye hewa na kwenye uso usio laini. Aliyewahi kubandika karatasi angavu ya kulinda kioo cha simu ameshaiona hewa hiyo: punje moja ya vumbi inatosha kuinua kiputo kizima. Kwenye fimbo jambo ni gumu zaidi. Ufito wa kaboni, unapookwa kiwandani, huwa umezungushiwa utepe unaoubana. Utepe ukiondolewa huacha matuta madogo yanayozunguka ufito kuanzia mwanzo hadi mwisho. Viwanda vingine huyapiga msasa, vingine huyaacha makusudi. Dikali ikilazwa juu ya matuta, inalala kwenye vilele tu. Mabondeni inabaki hewa, na hewa hiyo hurudisha mwanga. Huo ndio ule mng'ao wa fedha. Hata ufito uliopigwa msasa na usiong'aa una mikwaruzo midogo inayofanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni kuweka msingi. Kabla ya dikali, fundi hupaka tabaka jembamba la epoksi mahali dikali itakapokaa, likizidi urefu wa dikali kwa sentimita moja au mbili kila upande. Epoksi hujaza mabonde na kuacha uso unaong'aa. Huachwa saa 24 ikauke. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, kisha hutafuta dawa za kulainisha dikali, hubadili karatasi, hubadili printa, na vidoa vinarudi vile vile. Inarudiwa, wasikilizaji: dikali laini huanzia kwenye uso laini, na uso laini wa fimbo ni epoksi iliyokauka.

Msingi ukikauka husafishwa. Kwa wakazi wa pwani hapa pana tahadhari. Penye unyevu mwingi hewani, baadhi ya epoksi zikikauka hutoa utando wa mafuta juu yake, hauonekani kwa urahisi lakini kidole kinauhisi. Utando huo huondoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Baada ya hapo uso hufutwa kwa kitambaa kisicho na nyuzinyuzi kilicholoweshwa spiriti, na usiguswe tena kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya epoksi ya juu ijikusanye na kuacha vishimo. Dawa za kung'arisha zenye silikoni ni mbaya zaidi, hata zikitumika kwenye meza iliyo jirani.

Kabla ya maji kuguswa, dikali hukatwa na mstari huwekwa. Mkasi mdogo au wembe mpya upite karibu na herufi, ukiacha milimita moja tu ya utando, na pembe zote zikatwe mviringo. Pembe kali ndiyo inayoinuka kwanza. Kuhusu mstari, fimbo ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) inayoning'inia chini huwa na pete chini, na ile ya rili inayokaa juu huwa na pete juu. Mafundi wengi huyaelekeza maandishi kufuatana na pete hizo, yawe upande wa juu au ubavuni. Kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, hubandikwa kwa urefu kikiwa sambamba na mstari wa pete, na dikali hupangwa pembeni mwake. Jicho hudanganyika kwenye kitu cha mviringo, tepu haidanganyiki. Fundi aamue mapema pia kama maandishi yatasomeka ncha ya fimbo ikiwa kulia au kushoto. Hakuna sheria, ila mwenye fimbo aulizwe.

Sasa kazi yenyewe. Fimbo hulazwa ikashikwa isizunguke. Dikali huchovywa kwenye maji safi ya vuguvugu, kwa sekunde 10 hadi 20 tu, kisha hutolewa na kuwekwa juu ya kitu kilicholowa kwa dakika moja hivi. Gundi huendelea kulainika hapo bila kuoshwa. Wakati inangojewa, mahali pa kubandika huloweshwa. Epoksi iliyokauka huyafukuza maji yakajikusanya kuwa matone, kwa hiyo tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya kikombe cha maji husaidia maji kutandaa. Kampuni ya Microscale ya Marekani huuza maji maalumu ya aina mbili kwa wajenzi wa modeli za ndege na treni: Micro Set, yenye harufu ya siki, ya kulowesha uso kabla, na Micro Sol, ya kulainisha utando baadaye. Wajenzi wa fimbo nao hutumia hayo hayo.

Dikali ikianza kuteleza kwenye karatasi yake, karatasi husogezwa hadi kwenye fimbo na utando hutelezeshwa moja kwa moja kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye uso. Hainyanyuliwi kwa vidole. Ikinyanyuliwa hujikunja na kujishika yenyewe, na kuikunjua ni kazi ya subira nyingi na matumaini machache. Brashi laini iliyolowa husukuma utando mpaka usimame kwenye mstari wa tepu. Muda wote huo uwe unaogelea juu ya maji. Ukigoma kusogea, dawa ni tone jingine la maji, wala si nguvu.

Ukishakaa mahali pake, maji huondolewa, na hatua hii ndiyo inayoamua mambo. Pamba ya masikio iliyolowa kidogo, au kipande cha sifongo, hubingirishwa kuanzia katikati ya dikali kwenda kingoni. Kubingirisha, si kusugua. Msuguo huvuta utando mwembamba, na utando uliovutwa ukikauka hurudi nyuma na kukunjika. Kwanza mstari wa katikati kwa urefu, kisha upande mmoja, kisha wa pili. Maji na hewa hutoka pembeni na kunyonywa na karatasi laini. Baadaye taa huletwa kwa ubavu, si kwa juu. Mwanga wa ubavu hufichua kiputo ambacho mwanga wa juu hukificha. Kiputo kikionekana, hutobolewa kwa ncha ya sindano, kikawekewa tone dogo la maji, kikabingirishwa tena.

Wanaotumia dawa ya kulainisha, kama hiyo Micro Sol, wajue jambo moja: utando ukipakwa dawa hiyo huweza kusinyaa na kutisha kwa dakika chache kabla ya kujinyoosha wenyewe. Usiguswe wakati huo. Anayeugusa huuchana. Tena, dikali zilizochapwa nyumbani zina vanishi za aina nyingi, na dawa kali huweza kuyeyusha baadhi yake, kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha ziada.

Kisha ni kungoja usiku mzima. Maji yaliyonaswa chini ya utando au pembeni yake huifanya epoksi ya juu iwe na ukungu, na ukungu huo hauondoki. Asubuhi mabaki ya gundi, ambayo huonekana kama alama nyeupe pembeni, hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na fimbo hukaushwa tena.

Imebaki epoksi ya juu. Epoksi za fimbo kwa kawaida huchanganywa kipimo kwa kipimo, sehemu moja ya utomvu kwa sehemu moja ya kigumishi, na kipimo hupimwa kwa mabomba mawili ya sindano, kila kimiminika na bomba lake. Kukadiria kwa macho hakufai. Mchanganyiko uliokosewa hubaki unanata kwa majuma. Hukorogwa taratibu dakika mbili au tatu, kisha humwagwa kwenye kipande cha karatasi ya aluminiamu ili utandae, na mapovu yake hupanda na kupasuka. Tabaka la kwanza liwe jembamba, livuke kingo za dikali pande zote. Viputo vilivyobaki hupitishiwa mwali wa taa ya spiriti kwa upesi sana, ukipita tu bila kusimama, kwa kuwa joto likizidi hunyanyua dikali iliyokwisha tulia.

Fimbo lazima izunguke wakati epoksi inashika, la sivyo epoksi huteremka na kuning'inia upande wa chini. Wengi hutumia mota ndogo ya taratibu, hata ile ya kuzungushia sahani ndani ya oveni ya maikrowevu. Umeme ukikatika, au mota isipokuwepo, mkono unatosha: nusu mzunguko kila baada ya dakika chache mpaka epoksi iache kutiririka, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Ni kazi ya kuchosha, na redio husaidia. Siku ya pili hupakwa tabaka jingine, na hilo ndilo linalouzika ukingo wa utando usionekane tena.

Fimbo isiingizwe kwenye mfuko wala kupelekwa majini mara moja. Huguswa baada ya siku moja au mbili, lakini ugumu kamili wa epoksi huweza kuchukua wiki nzima. Kwa fimbo za mwambao wetu, zile za Malindi, Watamu, Mafia na Mkondo wa Pemba ambako watu huvua sulisuli, nduwaro na jodari, jua ni adui mwingine: epoksi huelekea umanjano kadiri inavyopigwa na jua. Fimbo ihifadhiwe kivulini na ioshwe chumvi kila baada ya safari.

Na ikitokea dikali imekaa vibaya? Kabla ya epoksi ya juu, suluhisho ni jepesi: hulazwa karatasi laini iliyolowa juu yake kwa muda, utando ukalegea, ukaondolewa, na kazi ikaanzwa upya kwa dikali ya pili. Ndiyo maana kila karatasi huchapwa nakala kadhaa. Baada ya epoksi ya juu, mambo hubadilika. Hapo njia ni kupasha joto na kukwangua kwa wembe, na wembe ukifika kwenye nyuzi za kaboni huacha mkwaruzo unaoweza kuwa mwanzo wa kuvunjika, siku samaki mkubwa atakapovuta. Fimbo yenye kiputo kimoja chini ya herufi huvua sawasawa na isiyo nacho. Kasoro ndogo iliyokwisha kufunikwa na iachwe ilivyo.